Aibu inayomzuia baba kurudi nyumbani



Injili ya leo, Dominika ya nne ya Kwaresima (Lk 15:1-3, 11-32), tumeisikia tangu utotoni. Kijana anadai urithi wake, anakwenda nchi ya mbali, anatapanya mali, anaishia kulisha nguruwe. Baba anabaki nyumbani, macho njiani. Kila ninapoihubiri hapa Mhunze na katika vigango vyetu vya Kishapu, naona nyuso za akina mama zikibadilika, na sababu yake naijua. Huku kwetu hadithi hii mara nyingi imepinduka. Aliyekwenda nchi ya mbali ni baba. Anayekaa mlangoni akitazama njia ni mtoto.

Nchi ya mbali hiyo ina majina tunayoyafahamu: Geita, Nyarugusu, Rwamagasa, Kahama, Mwakitolyo. Wengine hawafiki hata huko, wanaishia Maganzo, pembeni ya almasi za Mwadui, ndani ya wilaya yetu hii hii. Mvua ikikataa, pamba na dengu zikaharibika, mwanaume anakunja nguo mbili, anaaga kwamba anakwenda rashi mwezi mmoja, duara likitema atarudi na mabati. Mwezi unakuwa mwaka. Mwanzoni simu ya mama inalia ujumbe wa fedha kila baada ya wiki mbili, tatu. Baadaye mlio unapungua, kisha unakoma. Nimewahi kumsikia mtoto wa chekechea akiulizwa na katekista baba yake ni nani, akanyoosha kidole kwenye simu ya mama yake.

Leo sitaki kuwakemea wanaume hao. Nilishafanya hivyo, na nitawaeleza ilivyokuwa.

Ni miaka mingi sasa. Nilikwenda kumsaidia padre mwenzangu Misa ya Jumapili katika kigango kilicho karibu na machimbo ya dhahabu. Siku ile kulikuwa na ubatizo wa watoto, na kama kawaida watoto waliletwa na mama zao na bibi zao. Nilipoona hivyo damu ikanichemka. Nikaiacha homilia niliyoiandaa, nikawageukia wanaume wachache waliosimama nyuma karibu na mlango. Nikasema kwamba mwanaume asiyeonekana siku ya ubatizo wa mwanawe asijiite baba. Niliongea kwa muda mrefu. Akina mama walipiga vigelegele, nami nikaona nimehubiri vizuri.

Baada ya Misa, watu walipotawanyika, mwanaume mmoja alikuja mpaka kwenye gari. Viatu vyake vilikuwa na vumbi jeupe la karasha. Alinisalimia kwa heshima, akasema, "Padre, kwetu ni huko unakotoka, upande wa Kishapu. Nina mwaka wa tatu hapa. Nimepiga hesabu, nikilipa nauli nitabaki na elfu sita. Nilitaka kukuuliza kama mtu anaweza kurudi kwa watoto na elfu sita."

Nilikuwa na haraka. Nilimwambia amwombe Mungu na asikate tamaa, nikampa baraka, nikaingia garini. Jina lake sikumwuliza. Sijui kama alirudi. Nimeungama mambo mengi maishani, lakini hili ndilo hunijia usiku.

Nilichokisikia kwa yule ndugu, na sikukielewa, nilikuja kukikuta miaka baadaye kimeandikwa na watu wa utafiti. Wapo wasomi waliofanya suala la ubaba kuwa kazi ya maisha yao. Hawahubiri. Wanakaa na wanaume, wanawauliza, wanawasikiliza miaka na miaka, kisha wanatengeneza mafunzo na kuyapima kama yanamsaidia mtu. Zamani nilidhani kazi ya namna hiyo ni kutafuta fedha za wafadhili tu. Sasa nafikiri baadhi yao wametusikilizia waumini wetu kuliko tulivyowasikiliza sisi tunaokaa kwenye kitubio.

Mmoja wao ni Dk. Godfrey Siu wa Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda. Yeye hakuanza na akina baba, alianza na wachimbaji wadogo wa dhahabu katika wilaya ya Busia, mashariki mwa nchi hiyo. Alitaka kujua kwa nini wanaume hawaendi kupima VVU na kuchukua dawa wakati zipo. Katika makala alizoandika na wenzake mwaka 2012 na 2013 anaeleza jambo ambalo mtu yeyote wa Geita angelitambua. Machimboni thamani ya mwanaume ni nguvu na kazi. Anayejulikana kuwa ni mgonjwa anaogopa kwamba wenzake watamhesabu kuwa si kitu na kazi itampotea. Kwa hiyo wengi walijificha, wakaendelea kushuka shimoni huku wanaumwa.

Lakini Siu aliona pia upande wa pili. Wanaume hao hao, walipokumbuka kwamba wana watoto wa kulea na nyumba ya kutunza, baadhi yao walipata ujasiri wa kwenda hospitali. Kiswahili chetu kina maneno mawili yanayoieleza hali hiyo vizuri: sifa na heshima. Sifa unaipata kwa wenzako, kwa kunywa nao, kuwagawia, kutoonyesha udhaifu. Heshima unapewa na nyumba yako na jirani zako, kwa sababu watoto wako wamelelewa wakaleleka. Sifa ilikuwa inawaua wale wanaume, na heshima ilikuwa inawarudisha kwenye uzima.

Kutokana na hapo, yeye na mwenzake Daniel Wight wa Glasgow, pamoja na wataalamu wengine wa Uganda, walitengeneza mafunzo ya wazazi ambayo jina lake lenyewe linataja heshima. Hawakuanza kwa kumwambia baba kwamba yeye ni mkatili. Walianza na kile anachokitamani tayari, yaani familia inayoheshimika, kisha wakamwuliza kama fimbo na matusi vinamfikisha huko. Baba walikaa peke yao kwanza, na mama peke yao, kisha wakaunganishwa. Hapo nami nilijifunza kitu. Mimi niliwakaripia wale wanaume mbele ya wake na mama wakwe wa watu, nikashangaa kwamba hawakurudi Jumapili iliyofuata.

Rwanda wamefanya kazi kama hiyo kwa upana zaidi. Mafunzo yao yanaitwa Bandebereho, maana yake ni kama kusema mtu wa kuigwa. Baba wa watoto wadogo na wale wanaotarajia mtoto hukutana kwa vikao 15, na wake zao huhudhuria baadhi ya vikao hivyo. Wanaongea juu ya ujauzito, malezi, fedha za nyumbani, ugomvi. Watafiti waliwafuatilia wanandoa 1,199, wengine waliopata mafunzo na wengine ambao hawakupata, na matokeo yakachapishwa mwaka 2018. Katika nyumba zilizopata mafunzo, wanawake waliosema wamepigwa na waume zao walikuwa wachache kwa kiasi kikubwa, watoto waliadhibiwa kwa viboko kidogo zaidi, na wanaume waliwasindikiza wake zao kliniki na kushika kazi za nyumbani. Walipofuatiliwa tena baada ya miaka sita, mabadiliko yalikuwa bado yapo. Ninyi mnaojua mafungo yetu ya parokia hudumu siku ngapi moyoni mwa mtu, fikirini juu ya miaka sita.

Niseme wazi kwamba sikubaliani na kila ukurasa wa mafunzo hayo. Yamo mambo ya uzazi wa mpango ambayo Kanisa linafundisha tofauti, na katekista atakayeyatumia lazima alijue hilo. Lakini kwa sababu ya kurasa chache sitaacha kujifunza kwa mtu aliyeweza kumfanya mwanaume aweke fimbo chini.

Na fimbo hiyo si jambo dogo. Utafiti wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika nchini mwetu mwaka 2009 na kutolewa mwaka 2011 ulionyesha kwamba karibu robo tatu ya vijana waliohojiwa, wa kike na wa kiume, walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kimwili kabla ya kutimiza miaka 18. Kwa hiyo siwezi kusema tu kwamba baba arudi nyumbani, halafu basi. Wapo watoto wanaolala usingizi mzuri kwa sababu baba yuko Nyarugusu. Anayerudi na aibu yake bila kuiongelea mara nyingi huigeuza kuwa ukali. Kwa kuwa hana cha kutoa, anataka angalau aogopwe.

Tutasema wanaume wa kwetu hawaji kwenye semina za malezi. Nami nilisema hivyo. Lakini mwaka 2020 ilichapishwa taarifa ya utafiti wa vijiji 8 vya wakulima hapa Tanzania, ambao Dk. Joyce Wamoyi wa taasisi ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, NIMR, kituo cha Mwanza, alikuwa mmoja wa waandishi wake. Walijaribu kuunganisha mafunzo ya malezi na mafunzo ya kilimo cha biashara. Wazazi walioshiriki walikuwa 248, na wengi wao walikuwa wanaume. Ukimwita mwanaume aje afundishwe kulea atakwambia hiyo ni shughuli ya mama. Ukimwita aje mzungumze juu ya shamba na mtoto kwa pamoja, anakuja, kwa sababu hivyo ndivyo alivyofundishwa kuuona ubaba wake: mimi ni yule anayeleta. Tatizo linaanza siku hana cha kuleta.

Hapo ndipo namfikiria Mtakatifu Yosefu, ambaye sherehe yake tumeiadhimisha mwezi huu, tarehe 19. Tumezoea picha yake akiwa na ua jeupe na randa, mzee mtulivu. Someni tena Luka sura ya pili, siku Mtoto alipopelekwa Hekaluni. Sheria ya Musa (Law 12:8) ilitaka mwana-kondoo, na ikaweka nafuu kwa asiyemudu: ndege wawili. Yosefu alipeleka ndege wawili. Maana yake ni kwamba aliingia Yerusalemu, mbele ya makuhani na mbele ya watu, akiwa amebeba mkononi ushahidi wa umaskini wake. Hakumwambia Maria abaki na Mtoto Bethlehemu mpaka kazi ya useremala ikae vizuri. Baba Mtakatifu Fransisko alipotoa barua yake juu ya Yosefu, tarehe 8 Desemba 2020, wengi tuliifurahia, tukaandaa novena na vitambaa. Kwa mtu wa elfu sita sijui kama tuliandaa kitu.

Nilipoieleza habari hii ya ndege wawili katika mkutano wa wazazi, mama mmoja, mzazi wa watoto wanne, alinyoosha mkono. Alisema, "Baba Paroko, aibu yake nimeielewa. Ila aibu yake hailishi mtoto. Mimi nilikuwa na aibu zaidi yake, kukopa unga kwa jirani mwezi mzima, na sikukimbia." Watu walinyamaza. Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Alikuwa na haki, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 iko upande wake: matunzo ni wajibu wa mzazi na yanadaiwa mahakamani. Wapo pia wanaume ambao hawazuiwi na aibu yoyote. Wamepata dhahabu, wameoa huko, wamefungua grosari, wamesahau. Hao Kanisa liwaambie ukweli bila kuzunguka. Lakini kwa uzoefu wangu si wengi kama tunavyodhani. Wengi ni wale wanaopiga hesabu ya nauli kila mwisho wa wiki.

Serikali yetu, katika Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, ilimpa baba mwajiriwa likizo yenye malipo ya angalau siku 3, ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Ni chache, lakini ni kitu. Mtu wa duara hana mwajiri wa kumwomba hata hizo tatu. Akitoka shimoni siku tatu, nafasi yake imeshachukuliwa na mwingine na mgawo wake wa mifuko umekwenda.

Basi hapa Mhunze tulianza jambo dogo. Wazee wetu wa Kisukuma walikuwa na shikome, moto wa jioni ambapo wanaume na vijana walikaa, mkubwa akamfundisha mdogo mifugo, mila, na namna ya kuishi na watu. Haikuwa semina, hakuna aliyesaini mahudhurio. Nilidhani naweza kuiga. Tukatangaza kwamba Ijumaa jioni baada ya Njia ya Msalaba wanaume wabaki nyuma ya kanisa, kuni zipo. Siku ya kwanza walibaki wanne, mmoja wao alikuwa mlinzi wetu ambaye hata hivyo asingeondoka. Nikatamani kuacha.

Nilichofanya ni kuuliza swali ambalo walimu hawa wa ubaba hupenda kulianzia: ulipokuwa mtoto, unamkumbuka baba yako akifanya nini? Mmoja alisema anakumbuka harufu ya tumbaku ya baba yake. Wa pili alimkumbuka akihesabu ng'ombe mlangoni mwa zizi, akiwaita kwa majina, na kwamba siku moja katikati ya hesabu alilitaja jina lake yeye mtoto, kwa utani, na wote wakacheka. Ana miaka zaidi ya hamsini, na alipoeleza hilo sauti ilimkwama. Wa tatu alikaa kimya sana, kisha akasema, "Mimi namkumbuka akiondoka." Hatukusema mengi zaidi usiku ule. Ijumaa iliyofuata walikuja kumi na mmoja.

Wananiuliza pia, na ni haki yao: "Padre, wewe una watoto wangapi?" Nawaambia kwamba katika Biblia yupo kuhani aliyekuwa baba, Eli, na kwamba alishughulika na hekalu mpaka akaja kuwaonya wanawe wakati wamekwisha kuharibika (1 Sam 2:22-25). Kwa hiyo kuwa padre si cheti cha kujua kulea. Nasikiliza zaidi ya ninavyosema, jambo ambalo kwangu ni geni kidogo.

Kitu kimoja kimetoka pale motoni na sasa tunakisema hata kanisani: mpigie mtoto simu siku ambayo huna cha kutuma. Siku hiyo hasa. Kijana mmoja aliyeko machimboni alianza kufanya hivyo kila Jumapili jioni baada ya kaka yake kumweleza. Mkewe aliniambia kwamba mwanzoni alikasirika, akaona ni maneno matupu. Sasa mtoto ikifika saa kumi na mbili anaishika simu na hamwachii mtu.

Mwezi uliopita alikuja ofisini mwanaume mmoja kwa baiskeli, amempakia mtoto wa kiume wa kama miaka minane. Mtoto alibatizwa kwetu akiwa mchanga, mama yake alimleta peke yake, hawakuwa na ndoa, na katika kitabu cha ubatizo nafasi ya jina la baba ilibaki tupu. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 877, inaruhusu jina liandikwe kama baba mwenyewe atakiri mbele ya paroko na mashahidi wawili. Alikuwa ameambiwa hivyo pale kwenye moto. Mashahidi walikuwa katekista na mama anayetupikia, aliyefuta mikono kwenye kanga na kuja mbio.

Nikamwuliza kama anamkiri mtoto huyu kuwa ni wake. Akasema ndiyo, kisha akasema tena kwa sauti kubwa zaidi, ingawa sote tulikuwa tumesikia. Akaniuliza anadaiwa shilingi ngapi. Nikamwambia hadaiwi. Nikaandika, nikakigeuza kitabu upande wake aone. Akakitazama kwa muda, akamsogeza mtoto mbele, kwa sababu yeye mwenyewe hakusoma. Mtoto, ambaye yuko darasa la pili, akaweka kidole kwenye mstari na kuanza kulisoma jina la baba yake, herufi kwa herufi.